Siku Tisini Nje ya Maji ya Moto

Salto, 22 Machi 2016

Shangazi mpenzi,

Goti lako linasemaje? Limekubali ngazi za maabara, au bado linakugomea kila Jumatatu? Nijibu hilo kwanza, maana tangu tuagane kituo cha mabasi nimekuwa nikikuona ukichechemea kurudi nyumbani na mwavuli wako. Sisi huku ni wazima. Wazima mno! Nina siku kumi na saba za ndoa, na bado kila asubuhi nikifumbua macho na kumkuta Yamandú kando yangu nashtuka kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani, anaogopa mwenyewe atakuja kukidai.

Najua utacheka. Cheka tu. Nimeolewa na mwanaume ambaye akitengeneza yerba, chai yetu ya majani, hunywa yeye kikombe cha kwanza, kile kichungu, ili mimi nipate cha pili. Akirudi kutoka mabwawani, baada ya saa sita za kuwachezesha mazoezi wazee wa darasa lake ndani ya maji ya moto ya chemchemi, vidole vyake vimejikunja kama zabibu kavu. Mimi navibusu kimoja kimoja mpaka vinyooke. Jana nilifika kidole cha saba, viazi vikaungua.

Mama mkwe, Bi Zulma, anakaa nyumba ya pili. Ni mwema, mvua ikinyesha tu analeta maandazi ya torta frita, ya moto, yamefunikwa taulo. Ila kila Jumapili kwenye nyama choma ananitazama tumbo kabla hajanitazama uso. Namwambia, "Mama, hata keki ya harusi haijaisha!" Ananijibu, "Keki haina haraka, mwanangu. Mimi nina miaka sitini na nane."

Fungate letu kwako sitalisahau. Nakumbuka ulivyolalamika jikoni kwamba maabara yenu ina wagonjwa tele lakini haina wanaume wazima wa kulinganisha nao, Yamandú akasimama na kijiko mkononi: "Shangazi, mzima kuliko mimi utampata wapi?" Nawe ukamjibu, "Kila jogoo husema hivyo mpaka apewe kikopo." Basi alivyotoka kwenye kile chumba, uso mwekundu, akamsalimia muuguzi mara tatu!

Hebu nieleze, kwa akili yangu ya sekondari, mnatafuta nini humo ndani? Yeye anasema mnazihesabu mbegu tu kama kondoo.

Niandikie kwa karatasi, uipe meza ya vifurushi pale kwenye mabasi kama kawaida yetu. Simu nzuri kwa kuulizana basi limefika saa ngapi. Haiwekwi chini ya mto.

Binti wa kaka yako, mwenye furaha isiyo na adabu,
Rosmari

*

Montevideo, 3 Aprili 2016

Rosmari mwanangu,

Goti linakusalimu. Limekubali kupanda, limekataa kushuka. Mengine mwilini yako mahali pake. Nimefurahi kusikia habari zenu, na viazi nimevisikitikia.

Umeniuliza swali zuri, nami nitakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi wanaokuja kwetu na viatu visivyofaa.

Kuzihesabu tunazihesabu, na kuona ngapi zinaogelea mbele na ngapi zinazunguka pale pale kama mlevi. Hiyo ni kazi ya kale. Mpya ni hii. Wewe ulisoma kwamba jeni ni kama kitabu cha mapishi, kila chembe ya mwili ina kitabu kizima, lakini kila moja inafungua kurasa zake. Sasa fikiria jiko la hoteli. Kila oda ikija, mhudumu anaandika kikaratasi na kukichomeka kwenye msumari, mpishi anapika. Mbegu ya kiume ni jiko lililokwisha kufungwa. Haipiki tena chochote. Imefunga mlango, imebeba mzigo, iko safarini. Lakini vikaratasi vingine vimebaki kwenye msumari. Ukivisoma, unajua jikoni palipikwa nini wakati mbegu ile inatengenezwa: kama oda za kutengeneza mkia zilitoka za kutosha, kama palitokea hekaheka.

Hivyo vikaratasi ndivyo tunavyovisoma. Kwa nini mwanaume mmoja anapata mtoto na mwingine hapati, ilhali wote wanaonekana sawa mtaani? Wakati mwingine kuhesabu hakukwambii, msumari unakwambia. Na wakati mwingine hata msumari umenyamaza. Bado tunajifunza.

Jambo moja. Usiniulize habari za mumeo, sasa wala baadaye. Kikopo kikishaingia kwetu kina nambari tu, hakina jina. Jina liko kwa mkuu wetu, Daktari Iriarte, kabatini, na ufunguo anatembea nao shingoni. Ndivyo inavyotakiwa.

Msalimie Bi Zulma. Mwambie tumbo la mtu si saa ya ukutani.

Shangazi yako,
Élida

*

Salto, 11 Juni 2016

Shangazi,

Hujambo? Goti je, na baridi hii? Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio uliokuwa mgonjwa, na sikujua niuandikie nini.

Yamandú alibadilika. Ilianza mwishoni mwa Aprili. Alikuwa anarudi kutoka kazini, anakula bila kusema, kisha anachukua taulo na kutoka tena. "Unakwenda wapi?" "Kunyoosha mgongo." Kila siku mgongo! Akirudi anageukia ukutani, na usingizi hapati. Nasikia anavyopumua, si pumzi ya mtu aliyelala. Vidole nilikuwa nataka kuvibusu, anavivuta. Nikajiambia, Rosmari, mwenye kile kitu ulichookota amekuja kukidai. Nikawaza mwanamke. Nikawaza hata jina lake.

Na Bi Zulma naye akaja na dawa yake: Ijumaa saba mfululizo, mimi na mume wangu tukae shingoni kwenye bwawa la moto kuliko yote, lile la digrii arobaini na mbili, maana maji ya Salto hayajawahi kumnyima mtu mtoto. Hata Bi Ofelia, mkubwa wa wazee wa mazoezi, ananiapia kwamba watoto wake tisa wote ni watoto wa lile bwawa. Tumekwenda Ijumaa tano. Tunakaa kama kuku mchuzini, hatuongei.

Jumatano mchana nilimfuata. Shangazi, nilikuwa nimejiandaa kupigana! Nimevua hereni kabisa. Nikamkuta ndani ya lile lile bwawa, peke yake, maji yanamfika kidevuni, uso umeiva kama biringanya, amefumba macho, midomo inatembea. Alikuwa anasali.

"Yamandú!"

Akafumbua macho. "Rosmari. Mbona huna hereni?"

"Usiniulize hereni! Unafanya nini humo?"

Akafuta jasho usoni kwa kiganja. Kisha akasema, "Naomba mtoto."

Kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kiatu alikuwa na barua ya Daktari Iriarte. Ameibeba tangu Aprili. Inasema kwa upole kwamba hawezi kumweka kwenye kundi la wanaume wazima, kwamba mbegu zake ni chache mno, kwamba nyingi haziogelei, na aende wazungumze. Hakwenda. Kilometa mia tano ni mbali, aliniambia, lakini aibu ni mbali zaidi.

Akasema, akiwa bado majini, hata kutoka hajatoka: "Una miaka ishirini na tatu. Nimekaa nikafikiri. Nikuache upate mtu mwenye watoto ndani yake, kabla hujanizoea."

"Kabla sijakuzoea?" Nilimpiga na taulo, Shangazi. Nimempiga mara tatu, mzee mmoja kwenye bwawa la pili akapiga makofi. "Mimi sikuolewa na watoto, niliolewa na wewe, mjinga wewe! Toka humo!"

Akatoka, tukalia wote wawili tumekaa kwenye sakafu yenye unyevu. Lakini wazo lake hajaliacha. Usiku huo aliniuliza kama baba yangu atanipokea nikirudi nyumbani. Anaongeza saa za kukaa bwawani, eti daktari hana dawa lakini maji yanayo. Naogopa siku nitaamka na begi langu limefungwa mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, kwa upendo. Unaona ubaya huo? Kuachwa na mtu anayekupenda!

Ameniruhusu nikuandikie. Amesema, mwambie Shangazi nambari yangu ni thelathini na moja.

Binti wa kaka yako,
Rosmari

*

Montevideo, 15 Juni 2016

Rosmari,

Mtoe majini. Leo. Weka barua hii mezani, nenda ukamtoe, kisha urudi umalizie kusoma.

Umerudi? Haya. Mimi mzima, goti zima, nimepanda ngazi za Daktari Iriarte mbili mbili kwa mara ya kwanza tangu 2009.

Sasa kwa kuwa mwenye nambari ameifungua kwa kinywa chake, naweza kusema. Thelathini na moja alitusumbua sana. Vikaratasi vya kutengeneza mikia vichache. Lakini vile vya zimamoto, vile ambavyo chembe huviandika ikiunguzwa na joto ili kuokoa kinachookoka, vilijaa msumari mzima! Daktari akasema, "Huyu bwana anafanya kazi gani? Mwokaji mikate?" Tukatazama fomu, ameandika "mwalimu wa mazoezi." Tukamwona uwanjani na filimbi na upepo. Nani angefikiri mwalimu wa mazoezi anayechemshwa?

Na mimi, Rosmari! Mimi niliyezaliwa Salto, niliyemwona na vidole vyake vilivyokunjamana mezani kwangu, sikufikiri. Maji yale nimeyasifia maisha yangu yote. Yanaponya mgongo, yanaponya viungo. Basi na mimi nimeamini yanaponya kila kitu, kama mama yake.

Sikiliza. Mungu hakuzitundika zile mbili nje ya mwili kwa kukosa nafasi ndani. Zinataka ubaridi. Saa sita kazini kwenye maji ya moto, kila siku, miaka miwili. Kisha saa mbili za sala. Kisha Ijumaa za mama mkwe. Mmekuwa mkiitibu homa kwa kuota moto.

Mbegu moja inatengenezwa kwa siku sabini na kitu, kisha ina safari yake ya kutoka. Kwa hiyo daktari anasema siku tisini nje ya maji ya moto, bila kukosa hata moja, kisha aje apimwe upya. Wengi mbegu zao hurudi. Si wote. Joto linaweza kuwa sababu yote, au sehemu, na sitakudanganya kwa kuwa nakupenda. Lakini tangu Aprili, ni mara ya kwanza huyu nambari thelathini na moja amenipa usingizi.

Mwambie asikufungie begi. Mwambie nimesema mimi.

Shangazi yako,
Élida

*

Salto, 24 Julai 2016

Shangazi wangu, uhai wangu,

Umelala vizuri? Umekula? Umevaa zile soksi za sufu? Mimi nimenenepa kwa torta frita, maana mvua haikatiki na Bi Zulma hachoki. Leo ni siku ya thelathini na sita. Nazihesabu kwenye kalenda ya duka la nyama kwa penseli nyekundu.

Lazima nikusimulie ya Yamandú na wazee wake. Meneja alikubali afundishe akiwa juu, ukingoni, amevaa koti. Sasa huu ndio msimu, likizo za Julai, mabwawa yamefurika. Wazee wako majini, mwalimu yuko nchi kavu. Wiki ya kwanza wamevumilia. Ya pili minong'ono. Ya tatu mimi mwenyewe nilikuwepo, nimempelekea chupa ya yerba, na Bi Ofelia, miaka themanini na moja, kofia ya maua kichwani, akapaza sauti:

"Mwalimu! Maji yanauma siku hizi?"

"Inua goti, Bi Ofelia."

"Nimeinua tangu jana! Wewe shuka utuonyeshe."

Mwingine akadakia, "Mwacheni, ameoa. Mke kamkataza kuonyesha mapaja."

Kicheko bwawa zima. "Ama anaogopa tutamla?" "Kwa meno yapi, Ofelia?" Yamandú naye anacheka, lakini masikio yamekuwa mekundu, na nikaona mkono wake umeshika zipu ya koti. Shangazi, alikuwa anaishusha! Siku ya kumi na tisa, aingie majini kwa ajili ya mizaha ya vikongwe! Nikafungua mdomo, na kabla sijasema akaipandisha zipu mpaka kidevuni na kusema, kwa ile sauti yake ya kuhesabu mazoezi, bwawa zima likasikia:

"Siingii kwa sababu maji haya yameniulia mbegu. Daktari amenikataza siku tisini. Nataka mtoto na mke wangu yule pale. Haya, goti la kushoto!"

Nilisikia bomba likidondosha maji. Watu thelathini wamesimama kwa mguu mmoja.

Bi Ofelia akavua kofia yake. "Basi kaa hapo hapo, mwanangu," akasema. "Tena rudi nyuma, mvuke unakufikia." Akawageukia wenzake: "Mmesikia! Goti la kushoto, na atakayemwita chini nitamzamisha."

Kufika nyumbani habari imetutangulia. Bi Zulma amekaa kwenye ngazi zetu, mikono mapajani.

"Kwa nini hukuniambia mimi mama yako?"

"Ulikuwa unamtazama Rosmari, Mama."

Akainama. Akafikiri. Kisha, "Na Ijumaa zile. Mimi ndiye niliyekuwa nakuchemsha."

"Kidogo kidogo, Mama."

Akanishika mkono, akaubusu. Mama mkwe, Shangazi! Jumapili hii alinitazama usoni tangu saladi mpaka kahawa, mpaka nikaona haya.

Begi halizungumzwi tena. Ila bado halali. Amelala ubavu, anahesabu, hataki nijue. Nampenda mpaka naona kama kifua changu ni kidogo kwa kazi hii. Tukifika siku ya tisini na majibu yawe yale yale, sijui nitamshikaje.

Rosmari wako

*

Montevideo, 2 Agosti 2016

Mwanangu,

Wazima wote hapa. Soksi nimevaa, usinifuatilie.

Mtakapokuja, mlale kwangu. Nimemwomba Daktari Iriarte anitoe kwenye meza ile siku hiyo. Kikopo chenu kitapimwa na kijana mwingine, na mimi nitaosha vyombo. Mikono yangu isingetulia.

Nikwambie ambalo sijamwambia baba yako. Mimi na marehemu Rúben tulikaa miaka ishirini na mbili bila mtoto. Kila mtu alijua sababu ni mimi. Nilikunywa kila mzizi, niliketi kwenye kila bwawa. Rúben hakuna aliyempima, hakuna aliyemuuliza, naye hakujiuliza. Pengine ni mimi kweli. Sitajua. Nilichukua kazi ya kuosha vyombo vya maabara ili niwe karibu na watu wanaouliza.

Kwa hiyo niliposoma kwamba mumeo amesema vile mbele ya watu thelathini, nilikaa chini kwenye ngazi, nikakaa kitambo. Hata majibu yaweje, huyo usimwache, wala usikubali akuache.

Shangazi yako,
Élida

*

Salto, 5 Oktoba 2016

Shangazi wangu mpenzi,

Nakusalimu na goti lako, na mikono yako ambayo siku ile nzima iliosha vyombo vilivyokuwa safi. Hukutufuata mpaka mlangoni kwa daktari, na ulipokuja mbio kutukumbatia kwenye korido hatukuweza kukusimulia vizuri. Tulikuwa tunalia wote watatu na yule kijana wa maabara anatushika mabega. Sasa nimetulia. Nakusimulia.

Daktari Iriarte alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Yamandú alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa nje. Daktari akageuza karatasi mbele yetu. Akasema, "Hii ya Machi. Hii ya leo." Mimi nikaona tarakimu tu. Yamandú akasema, "Daktari, niambie kwa mdomo."

"Kwa mdomo? Zimeongezeka mara saba, bwana. Zaidi ya nusu zinaogelea mbele. Vile vikaratasi vya zimamoto karibu vyote vimetoka msumarini." Kumbe na yeye anatumia msumari wako! "Siwezi kukuahidi mtoto, hakuna daktari anayeweza. Lakini sioni tena cha kuwazuia. Nendeni nyumbani."

Yamandú akauliza, "Nyumbani tu?"

"Nyumbani tu. Na mabwawani, koti lako usilivue."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atanibeba. Aliinuka, akamshika daktari mkono, akanishika mimi mkono, akasahau kumwachia daktari. Tukatembea wote watatu mpaka mlangoni.

Basi letu liliondoka saa sita mchana. Nilikuwa na maneno mengi, Shangazi, wewe unanijua. Nilitaka kumwambia nampenda kwa kila mji tutakaoupita. Nilianza kabla hata hatujauacha mji: "Yamandú, mpenzi wangu, unajua..." Sikujibiwa. Nikageuka.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, kichwa begani kwangu, mzito kama gunia la machungwa. Jua linampiga usoni, hajali. Akina mama wa viti vya mbele wanacheka kwa sauti, hajali. Kondakta akaja kutaka tiketi, nikamwonyesha kwa kidole, naye akapita kwa vidole vya miguu. Miezi mitano huyu mtu hajalala!

Mkono wangu ulikufa ganzi tulipovuka mto Río Negro. Sikuusogeza. Nilikaa hivyo hivyo mpaka Salto, saa sita nzima, bila kusema neno hata moja, nikimsikiliza anavyokoroma.

Binti yako,
Rosmari